Mama (63) na watoto wawili: Ziwa Ngosi ni matembezi mepesi kweli? Wenyeji wa Uporoto naombeni ukweli

Mama_Wawili
Habari za jioni wakuu. Naishi Iringa, Kihesa. Likizo ya watoto ya mwezi wa sita mama yangu mzazi anakuja kutoka Morogoro kukaa nasi wiki mbili, na ameshatoa sharti lake: anataka kuona "lile ziwa la msituni". Wajukuu walimwonyesha picha kwenye simu na sasa hakuna kingine anachoongea. Ziwa lenyewe ni Ngosi, kule milima ya Uporoto, Mbeya.

Ana miaka 63. Kutembea anatembea vizuri kunishinda mimi, shambani anakwenda kila siku kwa miguu, ila goti la kushoto linamsumbua akiwa anashuka. Watoto wana miaka 7 na 10. Mimi mara ya mwisho kupanda kitu ni Gangilonga, na nilikuwa kidato cha pili.

Ninachotaka ni matembezi mepesi. Tupite msituni, tufike ziwani, watoto waloweshe miguu, tule chakula tulichobeba, turudi kabla ya giza. Nimeuliza huku na kule, mmoja ananiambia dakika 40, mwingine masaa matatu, wa tatu anasema ni kama kutembea bustanini. Nimshike nani? Naombeni mniambie kama mnavyomwambia dada yenu wa tumbo moja.

mkata_mianzi
Dada karibu Mbeya. Wote watatu ni wakweli, ila kila mmoja alianza kuhesabu kutoka mahali pake. Wa dakika 40 alifikishwa na gari mpaka msitu unapoanza, tena kiangazi, na nadhani hana hata miaka 30. Wa masaa matatu alishuka kwenye lami akaanza kukanyaga. Kutoka barabara kuu ya Mbeya–Tukuyu mpaka mwanzo wa njia ni kama kilomita 6 au 7 za vumbi, katikati ya mashamba ya viazi. Hizo msizitembee. Panda bodaboda au ingia na gari lenu kama liko juu kidogo. Kutoka hapo hadi ukingoni, kwa bibi na mtoto wa miaka 7, weka saa moja na nusu na vituo vya kupumua.

Lakini muda si tatizo. Tatizo ni hilo neno lako "tufike ziwani". Ngosi hufiki ziwani. Unafika kwenye ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, na maji yako chini yako zaidi ya mita 200, unayatazama kama mtu aliyesimama kwenye paa la ghorofa. Picha zote unazoziona zimepigwa kutoka juu. Kuhusu kulowesha miguu, futa.

Chifu_Nanenane
Acheni kumtisha dada wa watu. Maji yanafikika. Nilishuka 2014 na ndala na nikanawa uso. Njia ipo.

mkata_mianzi
@Chifu_Nanenane njia ipo, na mbuzi pia wana njia zao. Ulipanda vipi kurudi?

Chifu_Nanenane
Kwa mizizi na vichaka, mkuu. Ndala moja ilibaki.

BintiTukuyu
Hahaha, "ndala moja ilibaki". Hapo ushahidi umefungwa.

Mstaafu_wa_Misitu
Nimefanya kazi kwenye misitu ya nyanda hizi miaka mingi kabla sijastaafu, nikaona nisipite kimya.

Binti yangu, usimpeleke mama yako wala watoto chini kwenye maji ya Ngosi. Ule ukuta wa ndani ni mwinuko mkali, udongo wake ni majivu ya volkano yaliyooza na majani juu yake. Ukiwa mkavu unamomonyoka, ukilowa ni sabuni. Kushuka ni dakika chache, anayekuadhibu ni kupanda. Na ukitokea mguu umeteguka kule chini, watu wa kukubeba wanatoka kijijini, kwa miguu.

Sasa kuhusu njia ya kwenda ukingoni. Watu huiongelea kama kitu kimoja, lakini zipo mbili ndani yake. Nusu ya kwanza ni ya upole sana, unapita chini ya miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, mianzi, migomba mwitu, na kama mko kimya mtawasikia mbega kabla ya kuwaona. Mtu mzima yeyote anaiweza. Nusu ya pili inaanza kupanda, na kipande cha mwisho kabla ya ukingo ni cha kushika mizizi kwa mikono. Kwa hiyo swali la kama ni nyepesi au nzito linajibiwa pale njia inapobadilika. Mkifika hapo, kaeni chini. Kunyweni chai. Mama aamue pale pale, na asiamulie nyumbani, kwa sababu akishaapa mbele ya wajukuu kwamba atafika, atapanda hata goti likiwa linalia.

Akisema inatosha, mtu mmoja abaki naye, wengine wapande na kumrudia. Sehemu ile ya chini peke yake ni matembezi ya maana.

Mama_Wawili
Shikamoo mzee wangu. Hili la kuamua pale njiani sikuwa nimelifikiria kabisa. Na umemjua mama yangu bila kumwona.

Mstaafu_wa_Misitu
Marahaba binti yangu. Wamama wa umri huo wote ni mmoja.

mwamba_moto
Naongezea kidogo kwa wanaopenda kujua wanakanyaga nini. Ngosi ni kaldera, yaani mlima uliolipuka kisha ukajiangukia ndani. Ziwa lenyewe lina urefu wa kama kilomita 2.5 na upana wa kama 1.5, na hakuna mto unaotoka. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo iko mita 2,620 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mama akihema msishangae, hewa ni nyepesi kuliko ya Morogoro. Milipuko yake ya mwisho si ya zamani sana kwa hesabu ya miamba, ni ya ndani ya miaka 1,000 iliyopita. Ndiyo maana TGDC, kampuni ya serikali ya jotoardhi, wako pale wakitafuta jotoardhi ya kuzalisha umeme.

Chifu_Nanenane
Na wanasema ni la pili kwa ukubwa Afrika kwa maziwa ya kreta, msisahau kutaja.

mkata_mianzi
Ndivyo tunavyojisifu. Mpaka sasa sijakutana na wa kwanza aje kubisha.

kijana_wa_Kabwe
Vipi kuhusu lile joka na hela za Wajerumani? Nasikia walizama na mali zao mle na nyoka analinda mpaka leo.

BintiTukuyu
Hiyo ni hadithi ya Ngosi, kila anayekupeleka atakusimulia kwa namna yake, na yule wa miaka 10 ataipenda. Lakini ukitaka hela za Wajerumani zenye ushahidi nenda Masoko.

Na hapa ndipo nilipokuwa nataka kumleta dada Mama_Wawili. Dada, unataka vitu viwili na unavilazimisha kwenye ziwa moja. Msitu wa mlimani ni Ngosi. Maji ya kugusa ni Ziwa Masoko, lile wanaloliita pia Kisiba. Liko kama kilomita 15 kutoka Tukuyu mjini, barabara ya kuelekea Ipinda. Nalo ni ziwa la kreta lakini dogo, ng'ambo unaiona vizuri, na gari linafika karibu kabisa na maji. Pale kuna jengo la Wajerumani la mawe, walikuwa na kambi ya askari, baadaye likawa mahakama. Watu waliokulia pale watakuambia kuhusu sarafu za Kijerumani zilizookotwa ufukweni, wanasema jeshi lilizitupa majini wakati wa Vita vya Kwanza ili Mwingereza asizipate. Shangazi yangu aliwahi kuwa nayo moja, wajukuu wakaichezea mpaka ikapotea.

Kule chini ni joto, si kama Isongole kule karibu na Ngosi. Siku ya kwanza Ngosi, mlale Tukuyu, siku ya pili Masoko. Watoto wataloweka miguu mpaka wachoke.

mwamba_moto
Masoko hapo umegusa penyewe. Watafiti walichimbua tope la chini ya lile ziwa ili kusoma hali ya hewa ya miaka maelfu kwa maelfu iliyopita. Na samaki wake waliandikwa sana 2015: jamii moja inayogawanyika kuwa mbili ndani ya ziwa dogo vile, wengine wanakaa pembeni kwenye mwanga, wengine kwenye kina chenye giza.

kijana_wa_Kabwe
Wanaliwa?

mwamba_moto
Mkuu, hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo ripoti haikugusia.

Mdau_Mafinga
Mimi nashangaa dada wa Iringa anavuka Mafinga kwenda mpaka Mbeya. Mufindi tuna Ziwa Ngwazi, tuna chai, tuna msitu, tuna baridi ya kutosha, na jioni unalala kwako Kihesa.

Mama_Wawili
@Mdau_Mafinga Ngwazi tumeshaenda kaka, na ni pazuri. Ila jaribu kumwambia mama yangu kwamba ziwa la kwenye picha limebadilishwa.

Mdau_Mafinga
Nimeondoa hoja.

mkata_mianzi
Usafiri sasa. Basi la kutoka Iringa msifike nalo mjini. Linapita Uyole kwanza, na Uyole ndiyo njiapanda ya Tukuyu, kwa hiyo shukeni pale. Mkiingia mpaka stendi mtakuwa mmepoteza saa nzima kwenda na kurudi barabara ile ile. Laleni Uyole, asubuhi saa 12 na nusu mko kwenye kosta ya Tukuyu, mwambieni konda awashushe Mchangani, njiapanda ya Ngosi, wanapajua. Muwe mmeanza kupanda saa 2 au saa 3 asubuhi. Mchana ukungu unaingia na ukiingia umeingia.

Msitu ule ni hifadhi, uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Lipeni kiingilio kwa namba ya malipo ya serikali mpewe risiti, msimpe mtu noti mkononi. Na chukueni kijana wa kuwaongoza, tena wawili, kwa sababu ya ile hesabu ya mzee ya kugawanyika.

dereva_mstahimilivu
Mwezi wa sita barabara ya ndani ina nafuu ila msiamini sana. Rungwe mvua haina adabu ya kalenda. Mimi mwezi wa sita mwaka mmoja nilikwama na kigari kidogo mita kama 500 kutoka mwanzo wa njia, nikasukumwa na watu waliokuwa wanavuna viazi. Wageni wangu walifika juu wamechoka kwa kusukuma, wakaona ukungu, wakarudi. Mpaka leo hawajanipigia tena.

BintiTukuyu
Mavazi dada, hapo usifanye mchezo. Mwezi wa sita na wa saba ndiyo baridi yetu yenyewe. Watu wanakuja na tisheti kwa sababu Afrika kuna jua. Sweta, koti la mvua, na soksi ndefu. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, si kwa ajili ya baridi, ni siafu. Ukisimama juu ya njia yao huku umeangalia mbega utacheza ngoma ambayo hukuipanga. Kwa miguu, kama hamna buti basi raba zenye meno. Mabuti ya mpira ya shambani nayo ni mazuri sana kwenye tope na mama nadhani anayo.

Mstaafu_wa_Misitu
Mama apewe fimbo mbili, si moja. Vijana watamkatia njiani ikibidi mianzi iliyokwisha kuanguka, msiwaruhusu kukata mibichi. Wakati wa kushuka asishuke kifua mbele, ashuke kiubavu, goti bovu litangulie chini na lile zima libaki juu libebe mzigo. Hii niliambiwa na daktari wa mifupa kwa ajili ya goti langu mwenyewe.

Na waambie wajukuu watazame matawi ya chini, usawa wa macho yao. Kuna kinyonga wa pembe tatu ambaye kwao ni milima hii ya nyanda za juu kusini tu, duniani kote. Watu wazima hawamwoni kwa sababu wanaangalia miguu yao. Wamtazame tu, wasimshike.

kijana_wa_Kabwe
Na kipunji, yule kima adimu, je? Watamwona?

Mstaafu_wa_Misitu
Hapana. Kipunji yuko Mlima Rungwe na kule upande wa Kitulo. Alijulikana kwa wataalamu miaka ya 2003 hadi 2005 hivi, ingawa wawindaji wa vijiji vya Rungwe walikuwa wanamtaja siku zote na hakuna aliyewasikiliza. Ngosi tegemeeni mbega.

Mama_Wawili
Wakuu, asanteni sana. Nimeandika yote kwenye daftari. Ngosi mpaka ukingoni kwa atakayeweza, kikao cha chai pale njia inapobadilika, Masoko kesho yake. Mama nimemwambia kuhusu fimbo mbili, amesema yeye si buibui. Nitarudi na mrejesho.

Chifu_Nanenane
Mkiona ndala ya bluu, mguu wa kulia, ni yangu.

Mama_Wawili
MREJESHO.

Nimechelewa, naomba radhi, mwezi umekatika. Nianze na aibu yangu: aliyeanguka ni mimi.

Tulishuka Uyole usiku, asubuhi tukawa Mchangani saa 1 na nusu. Baridi ile hamkuitendea haki, watoto walikuwa wanatoa moshi mdomoni wakidhani ni mchezo. Bodaboda tatu mpaka msituni. Mama alikaa kwenye yake kama anakwenda harusini, khanga imefungwa juu ya koti, mabuti ya mpira ya shambani miguuni.

Nusu ya kwanza ni kama mzee alivyosema. Sijui niieleze vipi. Kuna ukimya fulani halafu unagundua si ukimya, ni matone yanadondoka kutoka kwenye miti ingawa hakuna mvua. Mama alikuwa anagusa kila mti anaopita. Mbega tuliwasikia, mmoja akaruka juu yetu na ule mkia mweupe, yule mtoto wangu wa miaka 7 akauliza kama amevaa koti la harusi.

Tulipofika pale panapoanza kupanda tukakaa, tukamimina chai. Nikamwambia, mama hapa ndipo pa kuamua. Akaangalia juu, akaangalia goti, akauliza wale vijana, "Ninyi bibi zenu wamewahi kupanda hapa?" Mmoja akasema bibi yake alikuwa anapita kuokota kuni siku zote. Basi. Mzee wangu, mpango wako ulikuwa mzuri, yule kijana ndiye aliyeuharibu.

Ilituchukua karibu saa mbili jumla. Kipande cha mwisho alisukumwa na mmoja na kuvutwa na mwingine, na akawa anawagombeza wote wawili. Tulifika ukingoni saa 5 kasoro.

Hatukuona kitu. Nyeupe. Ukungu umejaa ndani ya lile shimo mpaka mdomoni kama uji kwenye chungu. Watoto wakaanza kulia njaa, mimi nikaanza kuhesabu nauli kichwani. Mama akatandika khanga, akakaa, akasema yeye amekuja kuona ziwa na ziwa halijahama. Tukala mayai na viazi. Tulikaa kama dakika 40. Halafu upepo ukatoka upande wa pili na ule ukungu ukachanika katikati, tukaona kipande cha maji, kijani, kikawa bluu, kikapanuka mpaka likaonekana lote na kuta zake za msitu kuzunguka. Hakuna aliyesema neno, hata yule mdogo. Labda dakika tano. Nilipokumbuka simu ilikuwa imeshaanza kufunga tena, kwa hiyo picha yangu ni ukungu wenye doa.

Kushuka, mama kwa fimbo mbili (ndiyo, alizichukua, akasema aliziokota mwenyewe), kiubavu, hatua kwa hatua, salama kabisa. Mimi nilikuwa nyuma namwelekeza pa kukanyaga, nikateleza, nikashuka mita kadhaa kwa makalio. Nililala kwa tumbo Tukuyu siku hiyo.

Kinyonga: mkubwa alimwona! Pembe tatu, kijani, kwenye tawi la usawa wa bega lake. Sisi watu wazima wanne tulikuwa tumeshampita.

Masoko kesho yake palikuwa pumziko tosha. Watoto miguu majini, nilikaa nao karibu kwa sababu pembeni kina kinashuka ghafla. Walitafuta sarafu saa nzima wakapata kizibo cha soda. Jengo la Wajerumani wameliona. BintiTukuyu ndaga fijo (asante sana), bila wewe ningewarudisha na miguu mikavu.

Chifu, ndala hatukuiona, ila hatukushuka kuitafuta.

Mstaafu_wa_Misitu
Nimefurahi sana binti yangu. Msalimie mama. Mwambie fimbo asizitupe.

Mama_Wawili
Amezibeba mpaka Morogoro, mzee. Ndani ya basi.

dereva_mstahimilivu
Dada, swali la pembeni: viazi pale Mchangani mlivikuta bei gani? Debe?

Mama_Wawili
Kaka hapo usinikumbushe. Mama hakununua debe, alinunua gunia. Kosta ya kurudi Uyole gunia lilikaa kwenye siti, mimi na makalio yangu nilisimama.